Kabla ya Kamba
Mwongozo kwa familia na wauguzi wa Bunia, mgonjwa wa akili anapokataa kulazwa

Pikipiki inaingia getini mwa hospitali jioni ikiwa na watu watatu. Mbele dereva, nyuma kaka, katikati kijana aliyefungwa mikono kwa kitenge cha mama yake. Siku nne hajalala. Mama anafika baadaye kwa miguu, anahema, na kabla ya salamu anamwambia muuguzi wa zamu: "Munganga, mumutobole sindano, alale tu." Kijana anapaza sauti kwamba yeye si mgonjwa, anataka kurudi kwao Mudzipela.

Muuguzi ana dakika chache za kuamua. Angekuwa Uganda, angekuwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 mezani. Kenya kuna sheria ya 1989 iliyorekebishwa 2022. Tanzania kuna ya 2008. Zote zinaeleza nani aombe, nani athibitishe na nani akague mtu mzima anapolazwa bila ridhaa yake. Kongo haina sheria ya pekee ya afya ya akili ya namna hiyo. Ina Katiba, ina Kanuni ya Adhabu, ina sheria ya jumla ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, na ina mikataba iliyoiridhia. Ni muuguzi, pamoja na familia iliyosimama mbele yake, wanaopaswa kuviunganisha vyote hivyo usiku huohuo.

Mwongozo huu ni wa pande zote mbili za meza. Wewe uliyemleta ndugu yako utajua daktari anapima nini na kwa nini anakuuliza maswali mengi. Wewe unayeshika zamu utajua cha kuandika.

Kwa nini sheria inaingia wodini

Kumlaza mtu asiyetaka ni kumnyima uhuru, hata kama nia ni njema. Ibara ya 17 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda uhuru wa kila mtu: hakuna kukamatwa wala kuzuiliwa ila kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 16 inakataza ukatili na kudhalilishwa. Kifungu cha 67 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano kwa anayemzuilia kiholela mtu yeyote kwa nguvu, hila au vitisho, na adhabu inapanda sana mtu huyo akiteswa. Neno "yeyote" halikumwacha nje mgonjwa wa akili. Tena tangu Julai 2011 utesaji ni kosa la jinai linalojitegemea.

Kipimo kilicho wazi zaidi cha lini mtu anaweza kulazwa kwa lazima kimo katika kanuni zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 1991, azimio nambari 46/119. Hazina nguvu ya sheria ya nchi, lakini daktari asiye na sheria ya kwake anaweza kuzishika kama fundi anavyoshika rula. Kanuni ya 16 inafungua milango miwili tu. Wa kwanza: mtu ana ugonjwa wa akili, na kwa sababu ya ugonjwa huo kuna uwezekano mkubwa wa madhara ya papo hapo au yaliyo karibu sana, kwake au kwa wengine. Wa pili: ugonjwa ni mkali, uwezo wake wa kuamua umeharibika, na asipolazwa hali yake itazorota vibaya au atakosa tiba isiyoweza kutolewa mahali pengine. Kwa mlango huu wa pili, mtaalamu wa pili asiyemtegemea wa kwanza aulizwe inapowezekana, na akiulizwa, lazima akubali.

Kuna sauti nyingine inayopaswa kusikika hapa. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na sheria yake yenyewe ya kuwalinda watu hao ni ya tarehe 3 Mei 2022. Ibara ya 14 ya mkataba inasema ulemavu usiwe kamwe sababu ya kumnyima mtu uhuru, na kamati inayousimamia inaisoma ibara hiyo kwa ukali: inapinga kulazwa kwa lazima kokote kule. Madaktari wa nchi nyingi hawajafika huko, na mgonjwa anayekimbilia mtoni usiku hawezi kusubiri mjadala uishe. Hata hivyo ukali huo una funzo la kazi. Ridhaa iombwe tena na tena, asubuhi, mchana na jioni, na nguvu ikitumika, ihesabiwe kwa saa.

Afrika nayo imeshaamua kesi yake. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Purohit na Moore dhidi ya Gambia, ilikuta kwamba sheria ya nchi hiyo iliwafungia watu hospitalini bila kuwapa njia ya kupinga uamuzi, ikasema Gambia imevunja Mkataba wa Afrika. Kongo imo katika mkataba huohuo tangu 1987. Kwa hiyo swali la mgonjwa, "nimlalamikie nani?", linahitaji jibu hata pale ambapo hakuna fomu.

Kwanza mwili

Sharti la kwanza la milango yote miwili ni ugonjwa wa akili. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake haanzi na sindano ya kutuliza. Anaanza na kidole, tone la damu, kipimajoto na shingo. Kijana anayefoka kwa sababu ya malaria iliyopanda kichwani hahitaji wodi ya akili, na akilazwa huko kwa nguvu amekosewa mara mbili.

*Sanduku: Vinavyofanana na wazimu*
- Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na homa nyingine za ubongo: homa, shingo ngumu, kuchanganyikiwa kunakokuja na kuondoka.
- Sukari kushuka: jasho, mtetemeko. Sukari ikirudi, akili nayo inarudi papo hapo.
- Kifafa: mtu aliyetoka kuanguka anaweza kupigana na anayemshika bila kujua. Katika zoni ya afya ya Logo, wilaya ya Mahagi, watafiti wamekuta kifafa kingi kinachohusiana na usubi, hivyo uliza daima.
- Kuacha pombe ghafla: mnywaji wa kila siku akiacha, siku ya pili au ya tatu anaweza kuona wanyama ukutani na kutetemeka. Ni dharura inayoua.
- Jeraha la kichwa, hata la wiki zilizopita.
- Malale: ugonjwa ukifika kwenye ubongo, hubadili tabia na usingizi.
- Mama aliyejifungua karibuni: akibadilika ghafla katika wiki za kwanza, yeye na mtoto wote wawili wako hatarini.
- Dawa: baadhi ya dawa za VVU, za kifua kikuu na za malaria huvuruga akili. Lete pakiti.

Hilo la pombe ndilo linalopotosha familia nyingi. Baba anapelekwa kwenye chumba cha maombi ili aachane na chupa. Anakaa siku tatu bila tone na bila chakula. Usiku wa tatu anaanza kupiga kelele kwamba nyoka wanatoka dirishani. Waombaji wanaongeza mfungo, wakati alichokihitaji ni maji, vitamini na dawa ya kumtuliza chini ya macho ya muuguzi.

Maswali manne ya daktari

Vipimo vikiwa safi, ndipo swali la sheria linaanza. Familia hudhani linahusu kama ndugu yao "ana wazimu". Jibu la hilo peke yake halimfungii mtu mlango. Daktari anatafuta haya:

1. Hatari gani hasa? Kitendo, chombo, mtu, siku. "Ni mkali" haitoshi. "Jana saa mbili usiku alishika panga akamfuata shemeji yake hadi barabarani" inatosha kuanza kupima.
2. Ni ya sasa? Aliyetishia mwaka jana na leo amekaa kimya anakula hana hatari ya papo hapo. Asiyekula wala kunywa tangu juzi anayo, japo hajamgusa mtu.
3. Anaelewa nini? Anaweza kusema kwa maneno yake anaumwa nini, dawa ni ya kazi gani, na akikataa nini kitatokea? Aulizwe kwa lugha yake: Kilendu, Kihema, Alur, Lugbara au Kiswahili. Asiyejibu Kifaransa cha daktari hajapoteza uwezo wa kuamua.
4. Njia nyepesi zimeisha? Dawa nyumbani chini ya uangalizi wa dada, muuguzi kupita kila siku, kulala hospitalini kwa hiari na mlango wazi. Kulaza kwa lazima ni njia ya mwisho kati ya zote.

Swali la kwanza linahitaji uangalifu wa pekee Bunia. Mji huu umejaa watu waliokimbia Djugu, Irumu na Mahagi, na maelfu wamekaa kwenye kambi kama Kigonze. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wakimbizi zaidi ya 60 waliuawa kwenye kambi ya Plaine Savo, wengi kwa mapanga. Mtu aliyetoka huko akisema "watakuja usiku huu kutuua", akakataa kulala ndani ya hema, anasimulia kilichotokea. Hofu yake inaweza kuwa jeraha la akili linalohitaji tiba, lakini si lazima iwe njozi ya mgonjwa, na kwa yenyewe haimpi mtu sababu ya kumfungia mlango. Daktari aulize: ulikuwa wapi, uliona nini, kijiji chako kiko salama sasa? Mara nyingi majibu yanabadilisha utambuzi wote wa ugonjwa.

Kanuni ya 4 ya mwaka 1991 inasema mtu asitangazwe mgonjwa wa akili kwa sababu ya kabila, siasa, dini, hali yake ya uchumi au ugomvi wa familia. Tuseme ndugu wawili wanagombea kiwanja cha baba aliyefariki, mmoja akamleta mwenzake hospitalini akisema amerukwa na akili. Muuguzi amsikilize mgonjwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kumwamini yeyote. Na familia ijue: kulazwa hakumwondolei mtu mali yake. Chini ya Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ni mahakama pekee inayoweza kumzuia mtu kusimamia mali kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Karatasi ya hospitali haiuzi kiwanja.

Hatua kwa familia

1. Chagua msemaji mmoja, yule anayemwamini zaidi. Watu sita wakizungumza kwa pamoja, mgonjwa anaona genge.
2. Ondoa mapanga, majembe, petroli na dawa za panya, kimya kimya, kabla ya mazungumzo.
3. Mwambie ukweli: "Tunaenda hospitali, nitakaa nawe." Usimdanganye kwamba mnaenda sokoni. Sheria yenyewe inataja hila, na atakayedanganywa leo hatapanda pikipiki kesho.
4. Mpe machaguo madogo: kwenda sasa au baada ya chai, na kaka au na shangazi. Wengi wanaokataa "kulazwa" wanakubali "kupimwa".
5. Akiwa hatari kweli, watu wanne wamshike kwa mikono, kila mmoja kiungo kimoja, bila kumkalia kifua wala kumlaza kifudifudi. Watu hufa kwa kukosa hewa wakiwa wamekandamizwa hivyo.
6. Tumia gari kama lipo. Mtu aliyefungwa katikati ya pikipiki akianguka hawezi hata kujikinga kwa mikono.
7. Beba dawa zote anazokunywa, fishi za zamani, na karatasi yenye tarehe: lini alibadilika, alifanya nini, lini alilala mara ya mwisho, anakunywa pombe au kuvuta bangi kiasi gani.
8. Mjulishe shefu wa kartie. Fununu ya "mchawi" au "mwizi" ikimtangulia ndugu yako barabarani, umati unaweza kumuua kabla hajafika.

Polisi waitwe pale tu ambapo maisha yako hatarini, na uwaambie tangu mwanzo kwamba ni mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mkoa huu wa Ituri umo chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021, askari ni wengi barabarani, na anayepiga kelele karibu na kizuizi usiku anaweza kudhaniwa mpiganaji. Ndugu mmoja atangulie kueleza. Kasho si mahali pa tiba, na Katiba inaruhusu polisi kumshikilia mtu kwa saa 48 tu kabla ya kumfikisha mbele ya mamlaka ya mahakama.

Usiku wa kwanza wodini

Kamba ya kitenge ifunguliwe mapema iwezekanavyo, na muuguzi ajitambulishe kwa mgonjwa kabla ya kuzungumza na mama yake. Jina, cheo, maji ya kunywa, mahali pa kukaa. Inaonekana jambo dogo, lakini wauguzi wazoefu wanajua idadi ya sindano wanazookoa kwa kikombe cha maji. Dawa itolewe kwanza ya kumeza, kwa kuombwa. Sindano bila ridhaa ni kwa hatari ya papo hapo, na kila moja iandikwe.

Haloperidoli inaweza kukaza shingo na taya au kupindua macho, hivyo dawa ya kuzuia hilo iwe karibu. Diazepamu ya mshipa inaweza kusimamisha pumzi, hasa kwa aliyekunywa pombe. Baada ya sindano, pumzi na mapigo ya moyo vihesabiwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Kufunga kitandani ni kwa dakika, kwa amri iliyoandikwa, mtu akimtazama muda wote. Mnyororo hauna nafasi yoyote hospitalini. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilionyesha watu wakifungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, majumbani, kwenye vituo vya dini na vya serikali, wengine kwa miaka.

*Sanduku: Fishi isipokuwa na haya, haijakamilika*
- Tarehe na saa ya kufika, na nani aliyemleta.
- Maneno ya mgonjwa mwenyewe ya kukataa, kama alivyoyasema.
- Joto, sukari, kipimo cha malaria, majeraha.
- Hatari: kitendo, siku, shahidi.
- Njia nyepesi zilizojaribiwa na kwa nini hazikufaa.
- Majina na sahihi: aliyeamua, na wa pili aliyekubali au aliyepinga.
- Saa ambayo mgonjwa alielezwa sababu, kwa lugha gani.
- Saa ya kuangaliwa upya.

Mahali pasipo na jaji wala bodi ya kukagua, karatasi hii ndiyo inayosimama badala yao. Inamlinda mgonjwa, na inamlinda muuguzi siku atakapoitwa na mwendesha mashtaka.

Saa ya kuangaliwa upya ndiyo inayosahaulika zaidi. Saa 48 za Katiba ziliwekwa kwa polisi, lakini hospitali inaweza kuzifanya desturi yake: asubuhi ya kila siku maswali manne yarudiwe, na zikifika saa 48 daktari ambaye hakuamua mara ya kwanza amwone mgonjwa. Jibu la swali lolote likibadilika, mlango unafunguliwa, au mgonjwa anaombwa kubaki kwa hiari.

Makosa yanayojirudia

Kumshikilia aliyepona kwa sababu ya bili. Familia haijalipa, mgonjwa ametulia wiki nzima, bado geti limefungwa. Sababu ya kumlaza ilikuwa hatari, na hatari imekwisha. Deni linadaiwa kwa njia za deni. Uliza bei siku ya kwanza, omba ratiba ya kulipa kwa maandishi, na msimamizi wa hospitali akikataa kumwachia mtu, mtajie kifungu cha 67.

Kuchukua sahihi ya mke au baba kama ridhaa ya mgonjwa. Mke wa mtu mzima anatoa habari na msaada. Hawezi kukubali kwa niaba yake kana kwamba ni mtoto mchanga.

Kumtelekeza. Familia nyingine hutoa namba ya simu ya uongo, kwa aibu au kwa uchovu. Mgonjwa asiyetembelewa anakaa muda mrefu kuliko ugonjwa wake.

Kuvuka mpaka bila maandalizi. Anayempeleka ndugu Arua, au mbali zaidi hadi hospitali ya Butabika mjini Kampala, anaingia chini ya sheria ya Uganda. Abebe kitambulisho cha mgonjwa, barua ya rufaa na mtu atakayebaki naye.

Ukiona amezuiliwa isivyo haki

Anza na daktari mkurugenzi wa hospitali, kwa barua yenye tarehe, ukibaki na nakala iliyopigwa muhuri. Asipojibu, nenda kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Kosa la daktari binafsi linapelekwa kwa Baraza la Madaktari. Kuzuiliwa au kuteswa kunapelekwa kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Machi 2013, inapokea malalamiko pia. Chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuandika barua hiyo. Akiomba kalamu, apewe.

Siku ya kutoka

Kabla hajavuka geti, mgonjwa aliyetulia akae na muuguzi na ndugu mmoja, waandike ukurasa mmoja kwa maneno yake. Dalili gani huja kwanza: kukosa usingizi, kuongea haraka, kutembea usiku? Aitwe nani kwanza, na nani asiitwe kabisa? Dawa gani ilimsaidia, na ipi ilimpindisha shingo? Akizidiwa, anakubali kupelekwa hospitali gani, na nani atunze watoto na duka? Nakala moja ibaki kwenye fishi, moja kwa ndugu, moja mfukoni mwake. Tarehe ya kurudi iandikwe juu kabisa, pamoja na idadi ya vidonge, ili ndugu ajue siku ngapi mapema atafute nauli ya kufuata vingine.